Ufa, Mpasuko na Ukuta: Lugha ya Kueleza Uhusiano wa Mwendo wa Miamba na Volkano, kwa Kurejelea Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Mtu akisimama katikati ya mji wa Morogoro na kutazama kusini, huona kilele cha Lupanga kikipanda ghafla kutoka katika tambarare hadi mita zipatazo 2,138 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wenyewe uko kwenye mita zipatazo 500 tu. Mwinuko wa namna hiyo huzaa swali ambalo mwalimu wa jiografia hawezi kulikwepa: je, mlima huu ni volkano? Jibu ni hapana, na ni jibu rahisi. Kinachotatiza ni maelezo yanayolifuata. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania hukutana na dhana za ufa, tetemeko na volkano kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili. Akifika sekondari huelezwa tena dhana hizohizo kwa Kiingereza, na aghalabu hakuna anayempatanishia maelezo hayo mawili. Katika maelezo ya Kiswahili, ya darasani na hata ya magazetini, husikika sentensi za aina hii:

(1) Nyufa za ardhi husababisha volkano.

Sentensi hiyo haina dosari ya kisarufi, na msikilizaji huipokea bila wasiwasi. Hata hivyo, mtu akiiunganisha sentensi (1) na ukweli kwamba Milima ya Uluguru imepakana na nyufa kubwa za ardhi, hana budi kufikia hitimisho kwamba Uluguru ni volkano, au itakuwa volkano siku moja. Hoja imefuata njia iliyo sawa na imefika mahali pasipo sahihi. Makala haya yanadai kwamba chanzo cha upotovu huo kimo ndani ya sentensi yenyewe, katika mambo matatu: nomino ufa, ambayo imebebeshwa dhana tatu zisizofanana, kiambishi hu-, ambacho huliondolea tendo wakati wake, na kitenzi sababisha, ambacho huufanya ufa kuwa mtenda. Uluguru ni kipimo kizuri cha dai hili kwa kuwa ni milima iliyoinuliwa kwa kupasuka kwa ardhi bila volkano. Baadaye mjadala utahamia kaskazini, kwenye milima ya Gelai na Oldoinyo Lengai, ambako mwaka 2007 isingetosha kuitaja kwa jina la ufa pekee: huko mwendo wa miamba na mwendo wa magma vilipimwa vikiwa pamoja.

2.0 Uluguru: milima isiyotokana na zaha

Katika Kiluguru, lugulu ni mlima, na Waluguru ni watu wa milimani. Katika Kimaasai, Oldoinyo Lengai ni Mlima wa Mungu. Majina yote mawili yanataja mlima, na hakuna hata moja linalosema mlima huo ulitokeaje. Jambo hilo halionekani machoni pa mpita njia. Husomwa katika mawe.

Mawe ya Uluguru ni ya kale sana. Kwa mujibu wa wanajiolojia, sehemu kubwa ya milima hiyo ni miamba ya mgeuko ya ukanda mpana unaoitwa Ukanda wa Msumbiji, nayo ilifikia kilele cha mgeuko wake takriban miaka milioni 640 iliyopita, ikiwa imezikwa kwenye kina cha zaidi ya kilomita 25. Humo mna naisi na granulaiti, na upande wa mashariki, karibu na Matombo, mna marumaru yenye yakuti nyekundu. Mna pia ulanga, uliochimbwa Uluguru tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Inafaa kukumbusha kwamba ulanga ni neno la Kiswahili lililokuwapo kabla ya kamati yoyote ya istilahi kuketi. Wachimbaji na wafanyabiashara hawakungoja. Katikati ya milima mna anothosaiti, mwamba ambao asili yake ni magma iliyopoa chini kabisa, ikageuzwa baadaye pamoja na miamba mingine. Kwa hiyo Uluguru haikukosa magma katika historia yake yote. Ilichokosa ni magma iliyotoka juu na kuijenga milima hii tunayoiona.

Milima hii iliinuka kwa njia nyingine. Ardhi ilipasuka, pande zikatelezana, upande mmoja ukapanda na mwingine ukadidimia. Magharibi yake kuna bonde la Mkata, lililodidimia kati ya Uluguru na milima ya Rubeho na Ukaguru. Kusini na mashariki kuna mashapo ya zama za Karuu, yaliyojaza mabonde yaliyofunguliwa na mipasuko ya zamani zaidi, kabla ya Afrika kuachana na Madagaska. Baadhi ya mipasuko hiyo ya kale ilisogea tena katika zama za karibuni. Milima mingine ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, nayo ni miamba ya kale iliyoinuliwa hivyohivyo.

Kusini mwa Uluguru, katika eneo la Kisaki, hububujika chemchemi za maji moto. Kwa msomaji aliyeikubali sentensi (1), maji hayo ni ushahidi wa volkano iliyolala. Sivyo. Maji ya mvua yakizama kilomita kadhaa hupata joto la kawaida la kina hicho, na mpasuko ukiwapo huyapa njia ya kurudi juu kabla hayajapoa. Joto la Kisaki linaweza kuelezwa kwa kina cha maji na kwa njia yaliyopata, bila kulazimika kuweka chungu cha magma chini yake.

3.0 Neno ufa na washirika wake

Ufa wa Kiswahili cha nyumbani ni ufa wa ukuta, wa mtungi au wa kisigino. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inachukulia kwamba ufa ni mwanya: una upana, unaweza kuzibwa, na pande zake mbili bado zinatazamana palepale zilipokuwa. Hiyo ni maana ya kwanza, na katika miamba inafaa kwa mianya iliyoachana bila kutelezana, kama ile inayoonekana katika jabali lililopasuliwa na jua na mvua.

Maana ya pili ni ya mahali ambapo miamba imepasuka na pande zake zimetelezana. Hapa mwanya si sifa ya lazima; pande zinaweza kuwa zimebanana kabisa. Kilicho muhimu ni kwamba tabaka lililokuwa moja sasa liko juu upande huu na chini upande ule. Maana ya tatu ni ya Bonde la Ufa, jina linalotafsiri lile lililoenezwa na mwanajiolojia J.W. Gregory, aliyezuru Kenya mwaka 1893. Bonde hilo lina upana wa makumi ya kilomita, na si ufa mmoja. Ni eneo lililodidimia kati ya mipasuko mingi, nalo laweza kuwa na volkano au lisiwe nazo. Mwanafunzi anayesikia neno moja kwa dhana zote tatu huhamisha sifa za dhana moja hadi nyingine. Huona bonde la kilomita hamsini kama mwanya unaofika hadi kwenye moto, na huona mpasuko wa Uluguru kama mlango ulioachwa wazi.

Vyombo vya habari vimejaribu kuukwepa utata huo kwa kusema hitilafu ya kijiolojia. Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno, na imeangukia maana isiyohusika. Hitilafu ni ya umeme au ya mitambo. Msikilizaji hubaki na picha ya ardhi iliyoharibika na inayomngoja fundi.

Mpasuko ni chaguo bora zaidi. Umeundwa kutokana na pasuka kama mteremko ulivyoundwa kutokana na teremka, na nomino za namna hii hutaja tendo na pia mahali tendo lilipoacha alama. Udhaifu wake ni huohuo: mpasuko wa mwaka fulani na mpasuko ulioko magharibi mwa Uluguru ni vitu viwili, cha kwanza tukio, cha pili mahali. Udhaifu huo unaweza kuvumiliwa iwapo mwendo utaachiwa vitenzi. Kiswahili kina utajiri hapa ambao waandishi wa vitabu hawajautumia vya kutosha. Pande zikifunguka, zimeachana. Zikisogea huku zimegusana, zimetelezana. Upande ulioshuka umedidimia, na uliopanda umeinuka. Kiambishi cha kutendana katika achana na telezana kinasema jambo ambalo sentensi (1) inalificha: hakuna upande mmoja ulio mtenda, na mpasuko wenyewe haumtendi yeyote.

Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, lenye ukubwa wa takriban 7.4, ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa ya Afrika Mashariki katika karne ya 20. Lilitokana na miamba iliyotelezana. Halikuhitaji magma, na hakuna sababu ya kulitaja katika sura moja na volkano ila kwamba yote mawili huitwa mambo ya ufa.

4.0 Gelai na Oldoinyo Lengai, 2007

Ikiwa mpasuko peke yake hauzai volkano, basi uhusiano wake na volkano ni upi? Hapa hapana budi kuiacha Uluguru kwa muda na kwenda kusini mwa Ziwa Natron, ambako ardhi inaendelea kutanuka na magma ipo.

Katikati ya Julai 2007 matetemeko yalianza kufuatana katika eneo la Gelai, volkano ya zamani isiyo na mlipuko unaokumbukwa. Kubwa kuliko yote, la tarehe 17 Julai, lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na lilisikika hadi Nairobi. Watafiti walilinganisha picha za rada zilizopigwa na setilaiti kabla na baada, wakaweza kuona namna ardhi ilivyosogea. Walichokiona kilipindua mpangilio ambao wengi wangeutarajia. Kwanza, pande za mpasuko zilitelezana polepole, kwa sehemu kubwa bila kishindo. Siku chache baadaye magma ilijipenyeza katika ardhi iliyokuwa ikiachana, ikasimama wima kama kipande cha ubao chenye urefu wa kilomita kadhaa na unene wa mita mbili hivi. Magma hiyo haikutoka juu. Sehemu kubwa ya mtanuko wa ardhi wa miezi hiyo miwili haikuonekana katika ukubwa wa matetemeko yaliyopimwa.

Kipande hicho cha magma kiitweje? Wapo waandishi wanaotumia mshipa, lakini mshipa umekwisha kushikwa na wachimbaji kwa maana ya mkondo wa madini katika mwamba. Makala haya yanapendekeza ukuta wa magma. Ukipoa huwa ukuta kweli, na mmomonyoko ukiondoa mwamba laini ulio pembeni, hubaki umesimama peke yake. Methali iliyotajwa hapo juu ilitofautisha kuziba ufa na kujenga ukuta. Chini ya Gelai ufa ulizibwa kwa kujengewa ukuta.

Oldoinyo Lengai iko kiasi cha kilomita 20 kutoka hapo. Mwanzoni mwa Septemba 2007 ilianza kulipuka kwa nguvu, ikirusha majivu juu sana, na milipuko iliendelea hadi mwaka 2008. Kwa miaka mingi kabla ya hapo ilikuwa ikitoa zaha tulivu ndani ya kasoko yake. Milipuko mikubwa ya nyuma ilitokea mwaka 1917, 1940 hadi 1941, na 1966 hadi 1967. Ukaribu wa matukio ya Gelai na Lengai kwa wakati na mahali umewafanya watafiti wayahusishe, na inaelekea kwamba kusogea kwa ardhi kulibadilisha mkazo uliokuwa ukiibana magma chini ya Lengai. Mwandishi makini atatumia kitenzi kama chochea au fungulia. Sababisha ni kizito mno, kwani Lengai ililipuka pia mwaka 1917 na 1940, na hakuna anayeweza kuirudisha milipuko hiyo kwa Gelai.

5.0 Uji wa magma na zaha ya magadi

Tukio hilo lilikuwa na upande wa pili, nao unahusu magma imeundwa kwa nini. Zaha ya kawaida ya Lengai haifanani na ya volkano nyingine yoyote hai inayojulikana. Karibu haina silika. Ni kaboneti za sodiamu, kalisi na potasiamu, hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, yaani karibu nusu ya joto la zaha ya basalti, na ikipata unyevu hugeuka kutoka nyeusi hadi nyeupe kwa muda mfupi. J.B. Dawson ndiye aliyeitangaza kwa wanasayansi mwaka 1962. Jina lake la kitaalamu, natrokabonataiti, linaweza kubaki katika makala za kemia. Kwa darasa na kwa redio, zaha ya magadi inatosha, kwa sababu kila mpishi wa maharage anayajua magadi, na magadi ya Ziwa Natron yako chini ya mlima huohuo.

Majivu ya mwaka 2007 hayakuwa magadi matupu. Yalichanganyika na magma ya nefelinaiti, yenye silika zaidi na iliyojaa gesi, iliyopanda kutoka kina kikubwa zaidi na kuikuta zaha ya magadi iliyokuwa juu. Mchanganyiko huo uliachia gesi ya kaboni kwa wingi, na ndiyo sababu mlima uliokuwa ukimwaga zaha kimya ukaanza kupasua mawingu. Hapa ndipo mkazo wa ardhi na muundo wa magma hukutana: njia ikifunguka, magma ambayo ingeendelea kukaa chini hupanda kabla ya wakati wake na kukutana na nyingine.

Kwa ujumla mwamba wa koti la dunia, tabaka la moto lililo chini ya ganda, huyeyuka unapopunguziwa mgandamizo au unapoongezewa maji na gesi. Ukiyeyuka kidogo tu, kwenye kina kikubwa, magma huwa na silika chache, na alkali na gesi nyingi. Ukiyeyuka zaidi, karibu na juu, hutoka basalti. Magma ikipitishwa haraka hufika ilivyo. Ikicheleweshwa njiani hupoa, fuwele hujitenga, na kinachobaki huongezeka silika. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimejengwa kwa kiasi kikubwa na fonolaiti, magma iliyokaa chini muda mrefu. Nyiragongo, nchini Kongo, hutoa zaha yenye silika chache sana, inayokimbia kuliko mtu.

Katika eneo hili pia Kiswahili kinahitaji uangalifu. Waandishi husema zaha nzito na zaha nyepesi, na msomaji hajui kama anaambiwa juu ya uzani au juu ya utiririkaji. Uji mzito si lazima uzidi uji mwepesi kwa kilo. Zaha nzito isemwe pale tu maana ya uji inapokusudiwa, na uzani utajwe kwa jina lake.

6.0 Goma, Mei 2021

Huenda ikadhaniwa kwamba tofauti hizi ni za wanaisimu tu. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa Nyiragongo ulipasuka, na zaha ikapita katikati ya mji wa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na onyo la mapema lilikuwa dogo mno. Zaha ilisimama pembezoni mwa mji usiku ule, lakini siku zilizofuata ndizo zilizokuwa ngumu kueleza. Matetemeko yaliendelea, barabara na kuta zilipata nyufa, na vipimo vilionyesha kwamba ukuta wa magma umejipenyeza chini ya Goma hadi chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka.

Kiswahili ndiyo lugha ya wengi katika mji huo. Mtu aliyeambiwa kwamba kuna ufa alikuwa na nyufa tele za kutazama barabarani, na hakuna hata moja iliyokuwa ikitoa moto. Kilichowalazimu kuhama kilikuwa chini ya miguu yao na hakikuonekana. Kwa neno ufa peke yake haiwezekani kumweleza mama mwenye watoto na mizigo kwa nini ufa ulio mbele ya mlango wake si hatari kubwa, na kwa nini anapaswa kuondoka hata hivyo. Kwa ufa, mpasuko na ukuta wa magma, sentensi mbili zinatosha. Magma ile haikufika juu, na watu walirudi. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa na uhakika huo.

7.0 Kurudi kwenye sentensi (1)

Sentensi (1) inaweza sasa kuandikwa upya. Mapendekezo mawili yanafuata:

(2) Ardhi inapotanuka, miamba hupasuka na pande zake hutelezana. Kama chini yake kuna magma, magma hiyo yaweza kupita katika mipasuko hiyo.

(3) Mipasuko ya Uluguru imeinua milima. Haijapitisha magma iliyoijenga.

Katika (2), hu- imebakizwa panapostahili, yaani katika jambo ambalo ni la kawaida kweli, na uwezekano umewekewa yaweza. Mtenda ni mtanuko wa ardhi. Mpasuko umekuwa njia. Katika (3), kiambishi -me- kinaeleza hali ambayo matokeo yake bado yanaonekana, na kishazi iliyoijenga kinaipunguza kauli ili isidai kupita kiasi.

Upunguzaji huo si wa kupendezesha. Karibu na Kisaki, si mbali na zile chemchemi, kuna kilima kiitwacho Wigu. Mwamba wake ni kabonataiti, wa ukoo mmoja na zaha ya magadi ya Lengai ingawa haukubaki na sodiamu kama ile, nao umesimama katika naisi ya kale kwa umbo la kuta, moja pembeni ya nyingine. Una madini adimu ambayo yamewavutia watafutaji. Ni magma iliyopanda zama za kale, ikapoa, na haina uhai wowote leo. Mwalimu wa Morogoro anayewafundisha wanafunzi kwamba mkoa wao haukupata kuwa na magma ya namna hiyo atakuwa amekosea, na anayewaambia kwamba Lupanga italipuka atakuwa amekosea zaidi. Kwa Wigu, sentensi inayofaa ni ya wakati uliopita, nayo ni fupi:

(4) Hapa ardhi iliwahi kuachana, na magma ikajenga kuta.